Wifi na Ufunguo Uliogoma

Wifi yangu ni mshonaji, tena hodari. Nalisema hilo mapema, maana nikishaanza kumsema mtadhani nina wivu. Suruali ikipita mikononi mwake, mwenye nayo akinenepa bado itamkaa. Lakini ana ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe anauita dawa. Ni mafuta ya cherehani. Anayo kwenye kikopo kidogo chenye mdomo mrefu mwembamba, na hakuna kitu kinacholia au kukwama ambacho wifi hakitibu kwa kikopo hicho. Bawaba ya mlango ikipiga kelele, tone moja. Zipu ikisita, tone moja. Kufuli la geti, mkasi, gurudumu la kigari cha mtoto wa jirani, tone moja tu, ndivyo anavyosema, na kidole anakiinua juu. Siku moja mume wangu alilalamika goti linamsumbua, nikamwona wifi anaanza kupapasa mfukoni. Nilimwona kwa macho yangu mawili.

Mtaani wanamwita Mama Tone. Mwenyewe anajifanya halipendi jina hilo, lakini ukimwita lile la kuzaliwa anachelewa kugeuka.

Tunaishi ua mmoja. Nyumba yao na yetu zinatazamana, katikati kuna kamba za nguo, na kando kuna banda la bati lenye gari. Chumba cha mbele cha wifi ndicho kiwanda chake: mashine mbili, meza ya kukatia, pasi inayotema maji, na sakafu iliyojaa vipande vya vitambaa hata ukiifagia asubuhi na jioni. Yeye mwenyewe huwa kwenye aproni ya kijivu yenye mfuko mmoja mkubwa kifuani. Mfuko huo, jamani, ni stoo kamili. Humo kuna kikopo cha mafuta, chaki ya kuchorea, vipande vya nyuzi, pini, peremende iliyolambwa nusu, na wakati huo, juu ya yote hayo, ufunguo wa gari.

Gari ni la marehemu mumewe. Ni dogo, jeupe, na lina mkwaruzo ubavuni ambao hakuna aliyewahi kukiri. Mumewe alipofariki, sote tulidhani litauzwa, maana wifi hakuwa anajua hata pa kutilia maji. Kumbe mwenzetu alikuwa na yake moyoni. Akiwa mtu mzima wa kuitwa bibi, alikwenda kujifunza udereva pamoja na vijana wa umri wa wajukuu zake, akafeli, akarudi, akafeli tena, akarudi na keki kwa mwalimu, akafaulu. Sisemi keki ndiyo iliyofaulu. Nasema tu alirudi na keki.

Anaendesha taratibu mno. Siku moja nilikuwa naye, muuza mkate akatupita kwa baiskeli, akatusalimia, akasimama kuuza mkate, akapanda, akatupita tena. Wifi akamjibu salamu mara zote mbili.

Lakini ana sababu ya kuendesha. Nje ya mji, mwisho wa barabara ya vumbi, anaishi Dada Mkubwa, kwa binti yake. Huyo ndiye aliyewalea wifi na mume wangu baada ya mama yao kufariki, naye alikuwa bado msichana. Aliwaogesha, akawapikia, akawasukuma mpaka shule. Mume wangu utotoni alikuwa mzururaji, mpira mpaka giza linaingia, na kila aliporudi alimkuta Dada Mkubwa amekaa mlangoni na sahani iliyofunikwa. Hakumgombeza. Alikuwa akimwambia, "Umechelewa. Kula." Basi. Mwaka tulipooana alinisimulia hilo mara nyingi, na kila akisimulia alikuwa anacheka mpaka anafuta macho.

Kisha Dada Mkubwa akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, na maneno yanamtoka kwa shida, moja leo, jingine kesho. Wifi akachukua magauni yake yote akayapasua ubavuni na kuyawekea vifungo vya kubana, ili ayavae kwa mkono mmoja bila kuomba mtu. Na kila Jumapili, siku ambayo magari ya abiria hayafiki kule, wifi anapakia kikapu chake, anaingia kwenye gari, na anakwenda kumwogesha dada yake na kumsuka nywele. Bila gari hakuna Jumapili. Hilo kila mtu nyumbani alilijua.

Mume wangu alikuwa hajawahi kwenda naye. Alimwona Dada Mkubwa mara moja, hospitalini. Alisimama mlangoni mwa wodi, akasema anatoka kidogo kununua maji, na hayo maji mpaka leo hatujayaona. Tangu hapo, kila wifi akirudi Jumapili jioni na kumwambia dada amekuulizia, jibu lake lilikuwa moja: nitakwenda baadaye. Baadaye kazi ikipungua, baadaye mvua ikikatika, baadaye goti likipoa. Mimi nilikuwa namwita Bwana Baadaye. Kazini kwake ni mtunza stoo ya saruji, na huko hata mfuko mmoja ukisogezwa anajua. Nyumbani ndiko hajui kitu. Lakini msimfikirie vibaya. Si mtu mbaya, ni mwoga. Alikuwa anaogopa kumwona aliyembeba mgongoni akishindwa kubeba kijiko.

Sasa ufunguo.

Ulianza kwa kusita. Wifi akiutia kwenye swichi na kuuzungusha, unagoma kidogo kisha unakubali. Mnajua alichofanya. Tone moja. Ufunguo ukawa mlaini, wifi akafurahi, akasema mnaona. Baada ya muda ukasita tena, akaongeza tone. Ukasita zaidi, akaongeza zaidi. Nilipomuuliza kama ile ndiyo dawa kweli, akaniambia dawa ya moto ni moto. Nikanyamaza, maana wifi na wifi mnajuana wenyewe, neno moja likizidi watu hawapikiani mwezi mzima.

Ikafika Jumapili moja, nimetoka kuanika nguo, nikaona gari bado liko bandani na wifi yumo ndani. Nikadhani anasali. Nikasogea. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, kikapu mapajani, kitana na taulo vinachungulia, na mkono umeushika ufunguo ambao haukwenda kushoto wala kulia. Alikuwa analia, kimyakimya, bila kufuta machozi. Katika miaka yote ya kuishi naye ua mmoja nilikuwa nimemwona akilia msibani tu. Roho iliniuma, nikafungua mlango wa pili nikakaa karibu naye.

Majirani wakaja, na kila jirani ni fundi. Mmoja akasema ni betri, ingawa betri haihusiani kabisa na ufunguo kuzunguka. Mwingine akasema usukani umejifunga, utikise. Tukautikisa mpaka gari zima likatikisika. Wa tatu akasema gia haijakaa mahali pake, ikakaguliwa, imekaa. Wifi akaulizwa ufunguo wa akiba uko wapi, akakimbia kuutafuta kwenye kopo la vifungo. Akarudi nao unang'aa. Kumbe huo nao alikuwa anaupaka mafuta kila mwezi, eti usipate kutu. Ukaingia vizuri sana, nao ukagoma vilevile.

Jioni binti wa Dada Mkubwa akapiga simu. Mama yake alikuwa amekaa dirishani tangu asubuhi, amekataa mtu mwingine kumgusa nywele.

Hapo ndipo mume wangu alipoona mlango umefunguka. Akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ua, akakunja miguu, akaanza kuzungumza kwa sauti ile ya kikao. Kwamba gari limechoka. Kwamba barabara ile ni mbaya na wifi si msichana tena. Kwamba yuko mtu anayemfahamu, anayenunua magari mabovu kwa ajili ya vipuri, na huyo mtu anaweza kuja hata Jumamosi. Alisema yote hayo kwa huruma kubwa, akitikisa kichwa. Nilimtazama tu. Gari likiondoka, hakuna tena Jumapili, na bila Jumapili hakuna wa kumwambia dada amekuulizia. Yeye alidhani nimekaa pale nachambua mchele.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapandwa na hasira, na wifi akipandwa na hasira hapigi kelele, anavua aproni. Akaivua, akaikunja.

"Mlete mtu wako Jumamosi," akamwambia. "Kama gari halijawaka, alibebe. Lakini likiwaka, mdogo wangu, Jumapili unapanda nami mpaka kwa Dada. Unaingia ndani. Si kusimama mlangoni."

Mume wangu akatazama banda, akatazama ufunguo, akaona haki iko upande wake. Akakubali mbele yangu. Hata mkono alitoa.

Wiki nzima wifi aliuhangaikia ufunguo ule. Asubuhi kabla ya kushona, yumo garini. Mchana akisubiri mteja, yumo garini. Na kila akitoka, kikopo kimepungua. Nikamwambia aite fundi wa funguo, akaniambia fundi hamwiti fundi mwenzake. Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Akaniuliza kama nimekwisha kuchambua mchele wangu. Nikaona huyu sikio la kufa, na Jumamosi haingoji mtu. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, mume wangu alipotoka kwenda kumchukua mnunuzi akipitia stoo kwanza, nami nikatoka kwa upande wangu kumwita fundi.

Fundi wetu wa funguo anakaa kwenye kona, nje ya duka la vifaa vya shule, chini ya mwavuli uliopasuka. Ni mtu wa sifa. Ukimpelekea kufuli, atakueleza kwanza makufuli yote aliyowahi kuyafungua, na wenye nayo, na walivyomshukuru. Njia nzima alinisimulia habari za kabati la chuma la mtu fulani mkubwa, jina hawezi kulitaja. Tulipofika uani nilikuwa nalifahamu kabati lile kuliko langu.

Wifi alipomwona alinikata jicho. Lakini hakumfukuza, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Fundi akakaa kwenye kiti cha dereva. Akautia ufunguo, akaujaribu kidogo, akautikisa usukani, akajaribu tena. Kisha akauchomoa, akaunusa. Mimi sijawahi kuona mtu ananusa ufunguo. Akaupitisha kati ya vidole viwili, akavitazama vidole vyenyewe.

Akauliza nani ametia mafuta humu. Wifi alikuwa anatazama kamba za nguo, utadhani ameona shuka lenye kasoro. Nami nikaanza kucheka, nikajizuia, nikacheka.

Fundi akatueleza, na safari hii kwa kifupi. Ndani ya swichi kuna vibati vidogo vilivyopangwa mstari, na kila kimoja lazima kipande na kushuka chenyewe ili ufunguo uzunguke. Mafuta ya cherehani yakiingia humo yanashika vumbi, vumbi likilowa linakuwa gundi, na kila tone linaongeza gundi. Wifi akasema kwa sauti ya chini kwamba cherehani zake anazitia mafuta hayo hayo, na hazijawahi kukwama hata siku moja.

"Cherehani unaifungua kwanza, mama," fundi akasema. "Unaipiga brashi, unatoa pamba yote, ndiyo unatia mafuta. Kweli si kweli? Hii swichi umewahi kuisafisha?"

Wifi akaanza kuifuta miwani yake. Maana hilo ndilo analowafokea wasichana anaowafundisha kushona kila siku: usitie mafuta juu ya uchafu. Ukisimama nje ya chumba chake dakika chache lazima utalisikia.

Fundi akaomba auone mfuko ambamo ufunguo unakaa. Nikamletea aproni. Akaugeuza mfuko ndani nje, vikamwagika vumbi la chaki, manyoya ya vitambaa, vipande vya nyuzi vya kila rangi. Ufunguo ulikuwa unalala humo, unajipaka, halafu unakwenda kuvitia vyote kwenye swichi. Fundi akatikisa kichwa akasema kikulacho ki nguoni mwako. Wifi akamwambia afanye kazi, methali anazo za kutosha.

Akatoa bomba la sindano, akavuta spiriti, akaipiga ndani ya tundu la ufunguo. Kikatoka kitu cheusi kizito kama masizi ya sufuria. Akapiga tena, akaweka kitambaa chini, akapiga tena. Kitambaa kilipojaa weusi, mdomoni mwa tundu kikatokeza kidonge cha nyuzi. Akajaribu kukivuta kwa koleo yake ndogo, koleo ikawa nene. Akajaribu kwa waya, waya ukakisukuma ndani. Akaanza kutoa jasho, na habari za kabati la chuma zikakoma.

Wifi akamtazama weee, mwisho akashindwa kuvumilia. Akaingia chumbani, akarudi na sindano yake nyembamba kuliko zote, akaipinda ncha kwa koleo ya fundi.

"Nipishe," akasema.

Akapiga magoti kando ya kiti, miwani kwenye ncha ya pua, akaingiza ncha ile kwa mkono uleule anaofumulia mshono uliokosewa. Hakuvuta kwa nguvu. Alikuwa anatafuta uzi, akiupata anautoa mzima. Ukatoka wa bluu, akasema huu ni wa zile sare za shule. Ukatoka mweupe, wa gauni la bibi harusi aliyebadili mawazo mara tatu kuhusu mikono. Ukatoka wa zambarau, na huo hakuusema. Sote wawili tulijua ni wa gauni la Dada Mkubwa, lile la mwisho kuwekewa vifungo. Akaufuta spiriti kwenye sketi yake, akauweka juu ya dashibodi peke yake.

Hapo hapo geti likafunguka. Mume wangu akaingia na mnunuzi, bwana mnene mwenye kofia, na nyuma yao barabarani nikaliona gari la kuvutia magari mabovu limeegeshwa tayari. Mume wangu alikuwa katoka stoo, penseli yake iko sikioni kama kawaida. Akauliza kama bado, kwa uchangamfu ambao sikuupenda hata kidogo. Mnunuzi akaanza kulizunguka gari akigonga matairi kwa kiatu.

Fundi akalipigia tundu lile spiriti ya mwisho, akalipuliza mpaka likakauka, akageuka huku na huku akitafuta kitu. Akaona.

"Kaka, nipe hiyo penseli," akasema.

Mume wangu akaitoa sikioni akampa, bila kuuliza. Fundi akaichonga, kisha akaanza kuusugua ufunguo kwa ile ncha, upande huu na upande huu, kwenye kila jino, mpaka ufunguo wote ukawa mweusi. Akautia kwenye swichi, akautoa, akausugua tena, akautia. Akasema unga wa penseli unateleza bila kushika vumbi, na kwamba yeyote atakayetia mafuta humu tena asimwite yeye. Alisema yeyote, lakini alimtazama mtu mmoja. Mume wangu naye ndipo alipoelewa penseli yake inafanya kazi gani.

Wifi akakaa kwenye kiti. Akautia ufunguo. Akazungusha.

Ukagoma.

Mnunuzi akavua kofia akajikuna. Mume wangu akashusha pumzi, na mimi nikahisi machozi ya hasira yananipanda, maana niliiona ile Jumapili ya kikapu mapajani, na nyingine baada yake, na nyingine.

Fundi akainama dirishani akamwambia wifi asiukabe. Mkono mmoja usukani, mwingine ufunguo, na vyote viwili taratibu, asishindane navyo. Wifi akafumba macho. Akauchezesha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, na vidole vya mkono wa pili vikazunguka pamoja nao. Ufunguo ukakubali. Taa za dashibodi zikawaka, gari likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, likawaka. Likatoa moshi uani kote, nguo zangu nilizofua zote zikanuka, wala sikujali. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Mnunuzi alikuwa mtu wa maana. Alicheka, akasema gari linalopendwa hivi halifai kuchinjwa, na kabla hajaondoka akawa amepimwa kiuno kwa suruali mbili.

Mume wangu alibaki amekaa kwenye ngazi yetu. Alianza kusema kwamba basi ni vizuri, na kwamba kesho baadaye wataona. Wifi akazima gari, akaja na ufunguo mkononi, akasimama mbele yake. Akamwambia ahadi ni deni. Akaingia ndani kushona.

Jumapili mume wangu alioga kwa muda ambao bwana harusi haogi. Akapiga viatu rangi. Akautafuta mkanda uliokuwa kiunoni mwake. Akagundua geti letu linahitaji kukazwa. Nilimwacha amalize yote, kisha nikamshika kiwiko nikampeleka mpaka kiti cha mbele, nami nikapanda nyuma pamoja na kikapu. Wifi akaendesha kwa mwendo wake ule ule, na kwa mara ya kwanza sikumsikia mume wangu akilalamika kwamba tunakwenda polepole.

Tukafika. Ni nyumba ya kawaida, ukuta wa bluu, dirisha moja mbele. Wifi akashuka, nami nikashuka. Mume wangu hakushuka. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango, hakivuti.

"Mlango umekwama," akasema.

Mkono wa wifi ukaenda wenyewe kifuani, kutafuta kikopo. Siku hiyo hakuwa na aproni. Ukabaki pale pale kifuani. Akaja upande wake, akainama dirishani.

"Mlango ni mzima, mdogo wangu," akasema. "Mimi siku ya kwanza nililia humu humu ndani ya gari, ndipo nikaingia. Shuka. Tupo."

Akashuka.

Dada Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa lile gauni la zambarau, vifungo vyote amevifunga mwenyewe isipokuwa kimoja. Nywele zilikuwa hazijaguswa tangu wifi alipozisuka mara ya mwisho. Mume wangu alivuka mlango. Alivuka, nasema, nilikuwa nyuma yake na ningemsukuma. Alipofika mbele yake akapiga magoti na lile goti lake bovu.

Dada Mkubwa akamtazama kwa muda mrefu. Mdomo ukahangaika. Tukangoja, hakuna aliyemsaidia.

"Ume... chelewa," akasema.

Kisha mkono wa kushoto ukainuka, ukaonyesha mezani. Pale palikuwa na sahani moja, imefunikwa na sahani nyingine. Binti yake aliona haya, akaanza kutueleza.

"Mjomba, kila Jumapili anataka sahani moja ifunikwe iwekwe pale. Mama mdogo akitaka kuila, anakataa. Jioni namwaga. Tulidhani amechanganyikiwa."

Mume wangu hakumtazama mpwa wake. Alikuwa anamtazama dada yake, na dada yake alikuwa bado anahangaika na neno la pili. Likamchukua muda. Lakini likatoka, tena zima.

"Kula."

Alikula. Wali ulikuwa umepoa na maharage yameganda, akala pale pale chini, miguuni pake, analia na mdomo umejaa. Nililia na mimi, sina aibu kulisema. Wifi peke yake ndiye hakulia. Alikuwa ameshatoa kitana, anamfumua dada yake nywele, na kila mara anamwambia atulize kichwa.

Wakati wa kurudi, nusu ya njia, mume wangu akasafisha koo. Akasema Jumapili ijayo tutoke mapema. Nilikuwa na majibu kama kumi ya kumpa, yote matamu. Sikumpa hata moja.

Wifi bado anatia mafuta bawaba na zipu, huyo hatapona. Ila ufunguo wa gari sasa unakaa kwenye msumari wake ukutani, mbali na aproni. Na ile penseli haikurudi stoo. Imefungwa kando ya usukani kwa uzi wa zambarau, na kila Jumapili asubuhi mume wangu ndiye anayeusugua ufunguo, anawasha gari, halafu anatupigia honi mimi na dada yake, eti tunamchelewesha.